Nati za Mashine ya Mama Benedicta

Zamani zile pale Mwanjelwa, dereva mwenye nati iliyogoma hakuuliza gereji iko wapi. Aliuliza, "Yule Mhehe yupo?" Na Mhehe mwenyewe alikuwa Clement Nyalusi, kijana mwembamba wa Kilolo mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake, ambaye saa nyingi za mchana ungemkuta kachuchumaa chini ya lori la mtu anaongea na chuma. Si masihara, aliongea nacho kweli. "Haya baba, tumeshajuana, sasa legea." Waliopita walicheka, na nati ililegea.

Mbeya ina mafundi wa injini, wa giaboksi, wa umeme na wa kunyoosha bodi. Clement alikuwa fundi wa kufungua tu. Akishafungua alisogea pembeni, akaagiza chai na viazi vya kukaanga, akawaacha wenzake waendelee na mambo yao ya pistoni. Wapo waliomdharau kwa hilo, wakisema hiyo si fani, ni kukosa fani. Lakini nati ya tairi la lori lililotoka Tunduma na mzigo ilipogoma, kona zake zote zimeliwa na spana za watu wenye hasira, hao hao ndio walituma mtu akamwite.

Kazi hiyo alifundishwa na Mzee Yunusu, mtu ambaye babu yake alitoka Pangani akafika Mbeya na biashara ya chumvi, akaoa, akasahau njia ya kurudi. Mzee Yunusu alikuwa na uwanja wa gereji nyuma ya soko, na asubuhi alivaa ovaroli kama watu wote, lakini ikifika adhuhuri alinawa, akavaa kanzu, na hapo hata spana hukumwona akiigusa tena. Alikuwa na maneno yake. Nati iliyoganda, alisema, usianze kwa kuifungua. Anza kwa kuikaza. Kidogo tu, kiasi cha unywele, ili kutu ishtuke. Kisha igonge kwa nyundo pande zote, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa. Kisha imwagie mafuta, uilaze. Kulaza nati ndilo lilikuwa jambo kubwa pale uwanjani. Ulichanganya dizeli na mafuta ya breki, ukadondoshea, ukafunika na kitambaa, ukaenda zako nyumbani mpaka kesho. Dereva akipiga kelele kwamba ana mzigo wa watu, Mzee Yunusu alimjibu, "Mwanangu, nati imelala. Wewe nawe kalale."

Isipoamka kwa mafuta, ilichomwa kwa moto wa pampu mpaka iwe nyekundu, kisha ikaguswa na mshumaa, na nta iliyoyeyuka ilinyonywa ndani ya thredi kama uji unavyonyonywa na mtoto mwenye njaa. Isipoamka hapo ilikatwa kwa tindo, lakini Clement alihesabu tindo kuwa ni kushindwa. Siku aliyotumia tindo alikuwa haongei na mtu.

Msidhani alizaliwa anajua. Wiki yake ya kwanza alipewa tairi la kushoto la lori la Bedifodi la kubebea mbao afungue. Akatia spana, akaongeza bomba refu, akaning'inia nalo miguu juu, mpaka bolti ikakatika na yeye akaanguka kwenye tope la Mwanjelwa kwa mgongo. Uwanja mzima ulikuwa umenyamaza ukimtazama. Magari yale, nati za kushoto zilifunguliwa kwa upande wa kukazia, na kila mtu pale alilijua hilo isipokuwa yeye. Hakuna aliyemwambia, kwa sababu hakuna aliyewahi kuambiwa. Ulikuwa ndio ubatizo wao. Mzee Yunusu mwenyewe ndiye aliyemnyanyua, akampangusa tope mgongoni na kumwambia, "Sasa karibu kazini."

Siku zile Clement anazikumbuka mpaka leo kwa harufu. Baridi ya asubuhi inashuka kutoka mlima Loleza, malori yanapasha injini, moshi wa dizeli unachanganyika na harufu ya maandazi ya mama mmoja wa Kinyakyusa aliyewashukuru wote kwa "ndaga" ya kwao bila kujali kabila. Akilini mwake hakuna asubuhi nyingine duniani iliyowahi kufikia uzuri wa ile, na ukimwambia kwamba mlikuwa mnatetemeka kwa baridi na viatu vimetoboka, atakuambia hujui unachosema.

Leo ni mzee. Uwanja wa Mzee Yunusu ulijengwa maduka, Mzee Yunusu mwenyewe amelala makaburini, na Clement alihamia Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, kando ya barabara kuu ambako malori husimama. Ana benchi lake na mwavuli uliochanika. Vijana wa pale wana mashine ya upepo: inawekwa kwenye nati, inalia krrrr, nati imetoka. Clement anaichukia kwa moyo wake wote. Anasema inafungua bila kusalimia.

Basi mwezi wa sita mwaka huu, wakati wa baridi kali na mahindi yameshaanikwa, alipigiwa simu na binti yake Benedicta kutoka Kilolo. Nguzo za umeme zilikuwa zimefika kijijini. Benedicta, ambaye ndiye anaendesha mashine ya kusaga aliyoiacha mama yake, alikuwa ameshanunua mota. Kilichobaki ni kuing'oa injini ya dizeli kwenye msingi wake, mota ikae pale pale, kwenye bolti zile zile.

"Fundi umeme anataka kukata nati kwa grenda," Benedicta alisema. "Nimemkatalia. Nimemwambia baba yangu yupo."

Clement alikaa na simu mkononi baada ya kukata. Angetakiwa kufurahi kuitwa, na hakufurahi hata kidogo.

Injini ile aliileta yeye mwenyewe. Aliipata kwenye shamba la kahawa kule Mbozi lililokuwa likifungwa, ikasafirishwa bure na dereva aliyekuwa amemfungulia nati njiani, na ikashushwa Kilolo kwa kamba na kelele za nusu ya kijiji. Msingi wa zege aliumwaga kwa mkono wake. Mke wake, Esnath, ndiye aliyeshika ubao wenye matundu manne ili bolti zisimame wima wakati zege bado ni mbichi, Benedicta mgongoni kwake akilia kwa sababu ya vumbi la saruji. Zege lilipokauka wakaketisha injini, Clement akakaza nati nne, akaweka kopo kwenye bomba la moshi ili isikike mbali, akazungusha hendeli. Tu-tu-tu-tu, bonde zima. Watu wakaanza kupanda na madebe ya mahindi vichwani kabla hata hajanawa mikono.

Kisha akarudi Mwanjelwa, na Esnath akabaki na mashine.

Ndivyo walivyoishi. Yeye alikuja Krismasi, na kwenye misiba, na alipohamia Ipogolo akawa anakuja Jumamosi. Esnath alisaga. Watu waliiita mashine ya Mama Benedicta, na sauti yake ilikuwa saa ya kijiji. Clement akiwa nyumbani alipenda kuchelewa kuamka makusudi, alale asikilize ile tu-tu-tu, ajue kwamba mke wake yuko mle ndani, nyusi nyeupe kwa unga, anamkaripia mtu aliyeleta mahindi mabichi. Esnath alifariki mwaka juzi. Tangu hapo Clement bado alichelewa kuamka kila akija, na injini ilipowashwa aliweza, kwa dakika chache, kujidanganya. Mota ya umeme haina sauti ya kumdanganya mtu. Hilo ndilo lililomkaa kooni, na hakuwa na wa kumwambia.

Alifika Kilolo akapokewa na Benedicta na Fanueli, fundi umeme, mtu mzima mwenye heshima zake na grenda yake mkononi.

"Kamwene, mzee," alisema Fanueli. "Kama itakuwa ngumu, mimi hapa nakata dakika moja."

"Ukikata bolti, hiyo mota utaifunga na nini? Na maombi?"

Fanueli akacheka kwa adabu. Clement akaingia ndani ya banda. Unga ulikuwa umekaa kwenye utando wa buibui juu ya mabati kama siku zote, na injini ilikuwa pale, rangi yake ya kijani imebaki mahali pawili patatu. Chini, kwenye miguu yake, nati zilikuwa zimefunikwa na gamba jeusi la mafuta, unga na vumbi lililofanana na la miaka, hata umbo lao halikuonekana. Clement alisimama akaziangalia kutoka juu, mikono nyuma. Hakuinama wala hakugusa.

"Zimeganda," alisema.

Neno lilitoka jepesi, na lilikuwa la uongo, maana hakuwa na namna ya kujua. Katika maisha yake yote hakuwahi kusema juu ya nati ambayo hajaigusa.

"Sasa?" aliuliza Benedicta.

"Tuzilaze."

Akachanganya dizeli na mafuta ya breki, akamwagia, akafunika na vitambaa. Kesho yake alienda akaangalia, akatikisa kichwa, akamwagia tena. Kesho kutwa hivyo hivyo. Spana yake ilibaki imefungwa kwenye mfuko wa turubai nyuma ya mlango. Mchana alikaa nje juani akipukuchua mahindi na wajukuu, akiwasimulia Mwanjelwa, mvua yake, malori yake, Mzee Yunusu na kanzu yake. Injini haikuwashwa, kwa sababu mkanda ulikuwa umeshatolewa, na wenye mahindi wakawa wanapita na madebe yao wakielekea mashine ya ng'ambo ya bonde. Aliwaona wakipita. Kila aliyepita alisalimia, na kila salamu ilimchoma, maana alijua binti yake anapoteza msimu kwa ajili ya uongo wake.

"Mzee," Fanueli alimwambia siku moja akipita kuulizia, "chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Wateja wakizoea ng'ambo hawarudi."

"Nati hailazimishwi, bwana."

"Nati nimeelewa. Lakini hizi ni nati au ni wagonjwa wa kulazwa?"

Benedicta ndiye aliyemshangaza. Alikuwa mkali kama mama yake, mtu wa kumwambia baba yake mbele ya wageni kwamba amevaa shati kinyume. Lakini siku zote hizo hakusema kitu. Alimletea ugali na majani ya maboga, alimwekea maji ya moto ya kuoga, na jioni alimuuliza tu, "Bado zimelala, baba?" Naye alijibu, "Bado." Njia ya mwongo ni fupi, na Clement alikuwa ameshaiona mwisho wake, ila miguu ilikataa kusimama.

Asubuhi moja aliamka mapema, ukungu bado uko mlangoni, akaamua kwamba atazijaribu kweli. Moyoni alikuwa akiomba. Aliomba ziwe zimeganda kabisa. Ziwe zimeungana na chuma, ziwe kitu ambacho hata Mzee Yunusu angekikunjia mikono, ili uongo wake ugeuke kweli na Benedicta aende akajenge msingi mwingine mahali pengine, injini ibaki. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na magoti yake ya siku hizi huinama kwa malalamiko, lakini aliinama. Akaondoa kitambaa kwenye nati ya kwanza, akaipangusa.

Gamba lilibanduka, na kitambaa kikatoka na grisi. Haikuwa mashapo ya mafuta yaliyooza. Ilikuwa grisi yenyewe, ya njano, laini, ya juzi. Chini yake nati ilikuwa inang'aa, kona zake sita zote nzima, na thredi iliyochomoza juu ilikuwa safi kama ya dukani. Akaenda kuchukua spana. Hakuikaza kwanza, hakubisha hodi. Alivuta tu, na nati ikaja, nzito lakini mtiifu, bila hata kulia.

Akapangusa ya pili, nayo ilikuwa hivyo hivyo.

Alipoinua kichwa Benedicta alikuwa amesimama mlangoni na khanga mabegani.

"Nani alipaka hii?" Clement aliuliza.

"Mama. Kila ukiondoka baada ya Krismasi. Sasa hivi napaka mimi."

"Nati za msingi hazipakwi grisi. Injini inatetemeka, zitalegea."

"Ndiyo maana alikuwa anazikaza tena kila Ijumaa kabla hatujafunga."

"Lakini ya nini? Kazi yote hiyo ya nini?"

Benedicta alimtazama aone kama anataniwa.

"Baba, si wewe ulimwambia?"

"Nilimwambia nini?"

"Kwamba ukishapata nyumba Mwanjelwa unakuja kufungua mashine, tunahama wote, mama atasagia huko Mbeya. Ulimwambia hapa hapa, siku mnafunga. Mama alitusimulia mpaka tukachoka. Alikuwa anasema, baba yenu akija atakuja na lori la kuomba, na dereva wa lori la kuomba hasubiri mtu. Asije akakuta nati zimeganda."

Clement aliyakumbuka maneno. Yalimrudia yote kwa pamoja, na saruji mbichi, na mtoto akilia. Alikuwa ameyasema kweli, tena kwa furaha, akiwa na spana mkononi, na kwa miezi kadhaa alitafuta chumba kweli. Kisha kodi ikapanda, kisha kazi zikawa nyingi, kisha ikawa mazoea, na jambo likafa kimya kimya bila yeye kulizika. Hakuwahi kumwambia Esnath kwamba limekufa. Esnath naye hakuwahi kuuliza, na yeye alidhani kutouliza ni kusahau.

"Alipaka mpaka lini?" aliuliza, ingawa hakutaka jibu.

"Mpaka mwisho. Mwaka juzi Januari alikuwa hawezi tena kuinama. Akanituma grisi dukani, nikapaka mimi, yeye amekaa hapo juu ya gunia ananiangalia kama napaka vizuri."

"Lakini mwaka juzi nilikuwa nimeshatoka Mbeya. Nilikuwa Ipogolo hapo chini, nakuja kila wiki."

"Nilimwambia hivyo hivyo, baba. Akasema, huwezi kujua."

Nje kulikuwa na jogoo wa mtu na sauti za watu wakishuka kisimani. Clement alikuwa bado amepiga magoti. Miaka yote ile alipokuwa akilaza nati za watu wasiomjua, Mwanjelwa yake tamu ile, kuna mwanamke alikuwa akipiga magoti mahali hapa hapa na kitambaa na kopo la grisi, ili siku ikifika mume wake asisumbuke mkono.

"Kwa hiyo ulijua hazijaganda," alisema.

"Nilijua tangu siku uliyofika."

"Na msimu unapita, na wewe umeniacha."

"Ulisema zilale," Benedicta alijibu, na sauti yake ilikuwa ya upole kuliko baba yake alivyostahili. "Nikaona si mbaya na wewe upumzike nazo. Hukulia mazishini, baba. Ulikuwa unahangaika na nati za jeneza, kwamba zimefungwa vibaya."

Clement aliipangusa nati ya tatu akaifungua. Ya nne ilikuwa upande wa ukuta, mahali pa kubana, pa kuingiza mkono mmoja tu, na alikuwa na hakika kwamba pale angalau kutu ingemhurumia, kwa maana mtu mzima angefikaje. Aliingiza vidole, akakuta grisi. Ilikuwa imepakwa nene kuliko kote, imebonyezwa kwa kidole mpaka kwenye mzizi wa bolti. Akatia spana kwa kubahatisha bila kuona, akavuta, ikaja.

Akaziweka nati nne juu ya zege. Injini ilikuwa imekaa pale pale bila kufungwa na kitu.

Wakati huo wanaume walikuwa wameshafika nje. Fanueli aliona mlango wa banda wazi mapema akawaita jirani kwa jirani, nao walikuja na miti ya kubebea na kamba, wakikohoa kwa baridi na kutaniana. Fanueli akachungulia, akaona nati ziko chini, akapiga kofi moja la furaha.

"Zimeamka! Mzee, tuingie?"

Clement alikuwa ameketi juu ya msingi, mgongo ameuegemeza kwenye injini, mikono ya grisi juu ya mapaja. Machozi yalikuwa yanashuka na hakuyafuta, kwa sababu ya grisi.

"Benedicta," alisema, "waambie wasubiri."

"Baba, wamekuja na miti kabisa. Na zimefunguka zote."

"Naona zimefunguka, mwanangu. Waambie wasubiri kidogo."

Benedicta akamtoa Fanueli mlangoni kwa mkono, akatoka naye nje, akaenda kuwaambia.